Leipzig hadi Dachau: safari ya kuwafuata askari wa kauri

Nimerudi nyumbani, nimepanga picha kwa tarehe, na daftari langu la njiani sasa limesomeka vizuri kuliko nilivyotegemea. Naweka hapa safari yangu ya Mei 2025 kwa ajili ya yeyote anayependa sanamu ndogo za kauri za wanajeshi kama ninavyozipenda mimi, au anayetaka tu kuona Ujerumani ya mashariki na kusini kwa treni za bei nafuu.

Ninaishi Leipzig. Mji huu ulipiganiwa kuanzia tarehe 16 hadi 19 Oktoba 1813, Napoleon akashindwa, na mpaka leo magulio ya vitu vya kale ya huku hayakosi Napoleon wa kauri juu ya farasi au mmojawapo wa marshali wake, yaani majemadari wake wakuu. Mwezi Machi nilinunua marshali kwa euro 35. Ana urefu wa shubiri moja na kidogo, koti la buluu lenye nakshi za dhahabu, suruali nyeupe, na upanga uliokatika karibu na mpini. Kwenye kitako pameandikwa jina Lannes, na chini yake kuna alama ndogo ya buluu ambayo sikuwahi kuiona. Nilitaka kujua amezaliwa kiwanda gani. Nikaona badala ya kutafuta jibu hilo tu, niifuate historia yote ya askari hawa tangu ilipoanzia.

Kuhusu nauli: nilitumia Deutschlandticket, ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 58 kwa mwezi. Inakupandisha treni zote za mikoa, treni za mijini, tramu na mabasi, ila si treni za mwendo kasi. Inauzwa kwa mkataba unaojirudia kila mwezi, kwa hiyo ukiihitaji kwa mwezi mmoja tu, ifute kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, la sivyo watakukata tena.

Jumanne, 6 Mei: Leipzig – Dresden

Treni ya mkoa kupitia Riesa, mashamba ya njano ya rapa, mmea wa mafuta, pande zote mbili, hakuna la kusimulia. Stesheni nilipokelewa na binti wa kaka yangu anayesoma Dresden. Alikuwa amenibebea chai ya tangawizi kwenye chupa. "Shangazi, kunywa kwanza, huko ndani ya makumbusho kikombe kimoja ni bei ya mlo wa chuo."

Tulikwenda moja kwa moja Zwinger, lile jengo la kifalme lenye bustani katikati, ambamo mkusanyiko wa kauri wa Dresden umewekwa. (Jumatatu wanafunga. Kwa tiketi ya Zwinger nzima tenga euro 15 hadi 20.) Mwenye mkusanyiko huu alikuwa August, aliyeitwa Mwenye Nguvu, mtawala wa Saksonia na mfalme wa Poland, aliyefariki mwaka 1733. Mwenyewe alikiri kwamba anaugua maradhi ya kauri. Alinunua kutoka China na Japani kwa maelfu, na hazina ya Saksonia ikalia.

Nilikwenda kutafuta vyombo vilivyo chimbuko la hadithi yote hii, na havina hata picha ya askari juu yake. Ni mitungi mikubwa ya Kichina, buluu na nyeupe, ina vifuniko, na ukiisimamisha kando ya mtoto wa darasa la kwanza inalingana naye. Inaitwa mitungi ya madragoni, yaani ya askari wapanda farasi. Mwaka 1717 August alimpa Friedrich Wilhelm I, mfalme wa Prussia, wanajeshi 600 wa Saksonia, bila farasi wala silaha, akapewa vyombo 151 vya kauri kutoka makasri ya Oranienburg na Charlottenburg. Prussia ikawafanya kikosi cha madragoni, na watu wakakibandika jina la kikosi cha kauri.

Binti alipiga hesabu kwa simu yake. "Shangazi, ni kama watu wanne kwa chombo kimoja."

Nilisogea hadi pale kamba iliponizuia. Buluu ile haikulala sawasawa. Penye shingo ya mtungi imekolea karibu na weusi, penye tumbo imefifia, na mahali fulani unaona brashi ya mchoraji wa Kichina ilipoinuliwa ghafla. Mimi ni mtu wa Tanga. Vyombo vya China vimejengewa kwenye makaburi ya nguzo ya Kaole na Kunduchi, na nimekua nikiviona kama heshima kwa marehemu. Kuviona hapa vikiwa bei ya watu walio hai kulinikaza koo. Walikuwa na majina hao 600, na mama zao. Kwenye kibao nilichokisoma mimi kulikuwa na namba tu.

Mtu aliyeipatia Ulaya kauri yake mwenyewe naye alikuwa mfungwa. Johann Friedrich Böttger alikuwa kijana wa duka la dawa mjini Berlin aliyetamba kwamba anaweza kutengeneza dhahabu. Mwaka 1701 alikimbia, mfalme wa Prussia akimtaka, akaangukia mikononi mwa August, ambaye alimfungia afanye kazi. Dhahabu haikupatikana. Msomi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, aliyekuwa akifanya majaribio ya udongo kwa miaka mingi, alimwelekeza kwenye kauri, na kufikia 1708 wakawa wameipata. Tschirnhaus akafa mwaka huohuo. Kiwanda, kile cha Meissen, kikatangazwa Januari 1710. Böttger aliachiwa huru mwaka 1714 na akafa mwaka 1719 akiwa na miaka 37, afya imekwisha.

Chumba kingine kina wanyama wakubwa weupe wa miaka ya 1730. Waangalie kwa makini migongoni na miguuni: wamepasuka. Mafundi walilazimishwa kuchoma vipande vikubwa kuliko udongo ulivyoweza kustahimili. Na karibu yake kuna kielelezo cha mwaka 1753 cha Johann Joachim Kändler, fundi mkuu wa sanamu wa Meissen tangu miaka ya 1730: mfalme August III juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kändler alitaka kukijenga kwa ukubwa wa kweli, sanamu nzima ya mtu na farasi wa kauri uwanjani Dresden. Vita vya Miaka Saba vikaanza mwaka 1756, Prussia ikaikalia Saksonia, na mradi ukafa.

Jioni tulikula supu ya viazi mtaa wa Neustadt, na binti akasisitiza nijaribu Eierschecke, keki ya hapa ya tabaka tatu yenye jibini laini katikati. Tulilipa euro 19 kwa wote wawili.

Jumatano, 7 Mei: Meissen

Treni ya S1 kutoka Dresden inachukua dakika 40 hivi, ikifuata mto Elbe. Usishuke Meissen mjini kama unakwenda kiwandani; kaa mpaka kituo cha mwisho, Meißen Triebischtal, kisha tembea.

Kiwanda kilianzia juu mlimani, ndani ya ngome ya Albrechtsburg, ili siri isitoke. Kilihamishiwa bondeni miaka ya 1860. Leo mgeni anapitishwa vyumba vya maonyesho ambamo fundi mmojammoja anafanya hatua yake mbele yako, maelezo ukisikiliza kwa lugha mbalimbali. Tenga euro 15 hivi, na fika asubuhi kabla ya mabasi ya watalii.

Chumba cha kuunganisha sanamu ndicho kilichonikamata. Watu wengi wanadhani sanamu humiminwa yote kwa mara moja. Siyo hivyo. Sanamu mama hukatwa vipande, kila kipande hutengenezewa kalibu yake ya plasta: kichwa peke yake, mkono peke yake, kofia, mguu wa farasi. Fundi, mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alikuwa na viungo vimepangwa juu ya ubao kama vya mwanasesere. Aliukwaruza mwisho wa mkono kwa sindano, akapaka uji wa udongo uleule, akaubandika begani, akasubiri kidogo, halafu akafuta kiungo kwa brashi yenye maji mpaka ufa ukapotea. Kwa hatua hii sanamu bado ni kubwa kuliko itakavyokuwa. Tanuri litaipunguza kama sehemu moja ya sita. Inachomwa mara ya kwanza, inachovywa kwenye maji ya kung'arisha, inachomwa tena kwa joto la nyuzi 1,400 hivi, halafu rangi na dhahabu juu yake huenda tanurini tena kwa joto dogo zaidi.

Nilimwonyesha picha ya Lannes kwenye simu, upanga uliokatika. Akacheka kwa upole, akaniambia kwamba upanga, ncha ya bunduki na manyoya ya kofia ndivyo vitu vya kwanza kuondoka, na kwamba tanurini mkono ulioinuliwa huwekewa nguzo ndogo za udongo usije ukainama. Yule anayenyoosha upanga mbele bila kitu chochote chini yake ni kazi ngumu kuliko farasi mzima.

Kwa nini askari? Kabla ya kauri, meza za karamu za wafalme zilipambwa kwa sanamu za sukari na nta wakati wa vitamu vya mwisho. Kändler na wenzake walichukua nafasi hiyo ya mezani kwa kauri: wachungaji, wachekeshaji, wauza samaki, na wanajeshi. Miaka ya 1740 alimtengeneza malkia Elizabeth wa Urusi akiwa amepanda farasi na amevaa sare ya kikosi chake cha ulinzi. Kwa hiyo askari wa kwanza wa kauri walisimama katikati ya matunda na divai, wakitazamwa na watu ambao ndio waliokuwa na amri ya kuwapeleka wa kweli vitani.

Ushauri kwa mnunuzi: alama ya Meissen ni panga mbili za buluu zilizopishana, zilizotoka kwenye nembo ya Saksonia, zinazotumika tangu miaka ya 1720. Zimeigwa na viwanda vingi mno. Ukiona mikwaruzo imepita juu ya panga hizo, kiwanda chenyewe kilikishusha chombo hicho daraja. Usinunue kwa alama peke yake. Tazama vidole, tazama vifungo vya koti, tazama kama uso una mawazo.

Mchana tulipanda mji wa juu. Tulinunua Fummel, mkate mwepesi kama puto, ndani hewa tupu, ukiubonyeza unavunjika. Wenyeji wanasimulia kwamba mjumbe wa mfalme alikuwa akilewa njiani, wakampa mkate huu aufikishe mzima kama ushahidi kwamba alisafiri vizuri. Kanisa la Frauenkirche pale uwanjani lina kengele za kauri zilizotengenezwa kwa sherehe za miaka 1000 ya mji, mwaka 1929. Zina sauti laini, fupi, zinasikika kama zinatoka chumba cha pili.

Aliyefanikisha kengele hizo, Emil Paul Börner, ana kazi nyingine Meissen ambayo watalii hawaiendei, na mimi naiweka juu ya yote niliyoyaona safari nzima. Iko kwenye kanisa dogo la kale la Nikolai, bondeni, ndani ya bustani ya mji. Tulikuta limefungwa. Mzee aliyekuwa akitembeza mbwa alituuliza tunatoka wapi, binti akamjibu, na yule mzee akapiga simu bila kusema zaidi. Baada ya robo saa akaja bibi kwa baiskeli na ufunguo shingoni.

Ndani, kuta zimevikwa kauri. Majina ya wanaume wa Meissen waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia yameandikwa kwenye vigae vyeupe, safu juu ya safu. Hakuna askari hata mmoja aliyechongwa. Waliosimama ni kina mama na watoto, sanamu nyeupe kubwa kupita kimo cha mtu, nyuso zimeinama. Mji uliokuwa umeuzia Ulaya askari wa rangi kwa miaka 200, ulipofika kuwalilia wa kwake ulitumia udongo uleule, tanuri lilelile, na mikono ya mafundi walewale, ambao pengine walikuwa na ndugu kwenye vigae hivyo. Binti alisoma majina kwa sauti ndogo mpaka akachoka. Bibi wa ufunguo hakutuharakisha, na hakutaka pesa. Tulitia euro 5 kwenye sanduku la ukarabati.

Alhamisi, 8 Mei: Dresden – Rudolstadt

Siku nzima njiani. Niliagana na binti, nikapanda kurudi Leipzig, kisha treni ya kusini kufuata mto Saale. Tulisimama Naumburg kwa zaidi ya saa moja na nusu bila maelezo ya kueleweka. Mama aliyekaa mbele yangu alikata tofaa kwa kisu cha mfukoni akanipa nusu, akaniambia leo ni miaka 80 tangu vita viishe, na kwamba baba yake alirudi nyumbani mwaka 1949 kutoka kambi ya wafungwa Urusi, yeye akiwa hajawahi kumwona. Tuliongea hadi Jena. Hakuniuliza hata mara moja kama naipenda baridi.

Baada ya Jena bonde linabana. Hapa mwaka 1806 Lannes wa kweli alipita. Tarehe 10 Oktoba, kati ya Rudolstadt na Saalfeld, majeshi yake yaliwapiga Waprussia na Wasaksonia, na mwanamfalme Louis Ferdinand wa Prussia akauawa kijijini Wöhlsdorf. Siku nne baadaye Prussia yote ikavunjika Jena na Auerstedt. Lannes mwenyewe alipigwa na risasi ya mzinga karibu na Vienna tarehe 22 Mei 1809, akakatwa mguu, akafa tarehe 31.

Nilifika Rudolstadt saa mbili usiku. Chumba cha wageni nyumbani kwa familia moja, euro 42 pamoja na kifungua kinywa. Majiko yalikuwa yanakaribia kuzimwa lakini mgahawa wa karibu ulinipikia madonge ya viazi ya Thuringia, yale yanayochanganywa viazi vibichi vilivyokunwa na vilivyochemshwa, pamoja na mchuzi wa uyoga. Kwa asiyekula nguruwe, jifunze kuuliza mapema. Soseji za mkoa huu ni maarufu na ziko kila mahali.

Ijumaa, 9 Mei: Rudolstadt na Scheibe-Alsbach

Kasri la Heidecksburg liko juu ya mji, mwendo wa dakika 15 za kupanda. Lina mkusanyiko wa kauri za Thuringia, na hapa historia inageuka. Meissen ilikuwa mali ya mfalme. Thuringia ilikuwa ya watu wadogo. Georg Heinrich Macheleid, aliyesomea dini, alifanya majaribio mpaka akapata kauri kwa njia yake, akapewa kibali mwaka 1760, na mwaka 1762 kiwanda kikahamia Volkstedt, kando ya Rudolstadt. Milima ilikuwa na kuni zisizokwisha za matanuri, ardhi ya kilimo ilikuwa haba, na watu walihitaji kazi. Vijiji kwa vijiji vikawa na viwanda vyake: Sitzendorf, Wallendorf, Scheibe-Alsbach. Askari wa kauri ambaye mtu wa kawaida wa karne ya 19 na 20 aliweza kumweka juu ya kabati lake alitoka milima hii.

Na mtu huyo alimtaka Napoleon. Mwili wake uliporudishwa Paris mwaka 1840, mapenzi ya zama zake yalifufuka, hata kwa waliopigana naye. Alikuwa na marshali 26, na idadi hiyo ni mtego mzuri kwa mkusanyaji: ukishapata Ney na Murat, unamtaka Davout, ukimpata Davout huwezi kulala bila Poniatowski. Viwanda vilielewa hivyo vizuri.

Jibu la Lannes nililipata kwenye duka la mikate. Niliuliza muuzaji kama kuna anayejua alama za viwanda vya zamani, mteja nyuma yangu, bibi mwenye mkongojo, akasema, "Nionyeshe." Nilikuwa nimembeba Lannes kwenye soksi mbili za sufu. Alimgeuza, hakuvaa hata miwani. Scheibe-Alsbach, akasema: herufi S yenye mistari inayoipita. Alikuwa amepaka rangi kwenye kiwanda cha bonde hili kwa miaka mingi kabla ya 1990.

Tulikaa mezani, nikamnunulia kahawa, akaninunulia kipande cha keki kwa sababu hakukubali deni. Alinionyesha kwa ukucha mahali mchoraji alipoanzia nakshi ya koti: kola, kisha kifua cha kushoto, kisha mkono. Dhahabu ikiwa bado haijachomwa huwa ya kahawia kama mchuzi, akasema, kwa hiyo unachora gizani. Hujui kama mstari umetoka mpaka tanuri lifunguliwe. Uso huachiwa mwenye mkono mtulivu kuliko wote. Alimtazama Lannes machoni. "Huyu kapakwa Jumatatu asubuhi," akasema, akaonyesha nyusi, moja juu kidogo kuliko nyingine.

Viwanda vya familia vilivyokuwa vimebaki vilikumbwa na wimbi la mwisho la utaifishaji la mwaka 1972. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilihitaji fedha za kigeni, na kauri iliuzwa Magharibi. Hivyo wanawake ambao hawakuruhusiwa kwenda Paris walichora nishani za marshali wa Ufaransa, kwa kufuata vielelezo, kwa ajili ya wanunuzi wasioweza kuwatembelea. Bibi hakulalamika. Alisema kazi ilikuwa nzuri, mabega yaliuma, na baada ya muungano soko lilikatika ndani ya miaka michache.

Mkwewe alikuwa anapandisha mbao Neuhaus am Rennweg, akanichukua kwenye gari lake na akagoma kupokea hela ya mafuta. Scheibe-Alsbach ni kijiji cha nyumba zilizovikwa vigae vya mawe meusi mpaka ukutani, msitu nyuma yake, ukungu hata Mei. Kiwanda kilichoanza miaka ya 1830 kimeshafungwa. Hakuna cha kulipia kiingilio. Nilipiga picha, nikasimama barabarani na Lannes mkononi hadi mvua iliponifukuza. Mabasi ya kurudi bondeni ni machache jioni. Andika saa zake kabla hujapanda.

Kwa anayenunua sanamu za aina hii: herufi N yenye taji juu yake ilikuwa alama ya kiwanda cha kifalme cha Napoli, lakini imetumiwa na viwanda vingi vya Italia na Ujerumani, kwa hiyo anayekuuzia "Capodimonte ya karne ya 18" yenye askari wa Napoleon anakudanganya, kwa kuwa kiwanda cha kwanza cha Capodimonte, huko Napoli, kilianza mwaka 1743 na kufungwa 1759, na Napoleon alizaliwa 1769. Beba tochi ndogo ya mwanga wa zambarau. Gundi na rangi mpya huwaka tofauti na kauri, hasa shingoni na viganjani.

Jumamosi, 10 Mei: Rudolstadt – Munich

Saalfeld, Bamberg, Nuremberg, Munich: treni za mkoa karibu mchana mzima, zote kwa tiketi ileile. Niliwahi kasri la Nymphenburg kabla hawajafunga. Kauri za hapa ziko ghorofani juu ya banda la magari ya farasi ya wafalme. Kiwanda cha Bavaria kilianza 1747 na kuhamia kwenye viwanja vya kasri mwaka 1761. Fundi wake mkubwa, Franz Anton Bustelli, aliyefariki 1763, alitengeneza wahusika 16 wa vichekesho vya Kiitaliano, na miongoni mwao yumo Kapteni, mwanajeshi wa majigambo. Kiuno kimepinda, kifua mbele, upanga ubavuni. Ni askari pekee niliyemwona safari nzima ambaye aliyemchonga hakuwa na hofu na sare.

Kitanda cha bweni karibu na stesheni kuu, euro 38. Supu ya dengu na mkate kwa Waturuki wa mtaa wa jirani, euro 6.50.

Jumapili, 11 Mei: Dachau

Treni ya S2, kisha basi namba 726 hadi mlangoni. Kuingia ni bure, wanafungua saa tatu asubuhi.

Kambi hii ya mateso ya Wanazi ilifunguliwa Machi 1933, ikakombolewa na majeshi ya Marekani tarehe 29 Aprili 1945. Wafungwa zaidi ya 200,000 walipitia Dachau na matawi yake, na waliokufa ni angalau 41,500. Wengi hawajui kwamba hapa palikuwa na kiwanda cha kauri. Kilianzishwa katikati ya miaka ya 1930 katika kitongoji cha Allach, Munich, kikachukuliwa na SS, kikosi cha chama cha Wanazi, kwa sababu mkuu wake, Himmler, alikitaka, na uzalishaji wa kauri ukahamishiwa Dachau, pembeni mwa kambi. Walivutwa wasanii hodari, mmojawapo Theodor Kärner aliyekuwa akijulikana tangu Nymphenburg kwa sanamu za wanyama. Walitengeneza swala na dubu, na walitengeneza askari: wapanda farasi wa enzi za Friedrich Mkuu, wabeba bendera, watu wa SS wenyewe. Nyingi ziliachwa nyeupe tupu. Himmler alizigawa kama zawadi. Vita vilipowamaliza wafanyakazi, wafungwa wa kambi wakaletwa kuunganisha na kuchoma.

Wapo waliosema baadaye kwamba kiwandani palikuwa afadhali, kwa kuwa palikuwa na joto la tanuri na paa. Nilisimama kwenye uwanja wa kuitia majina, upepo ukipita kati ya misingi ya mabweni yaliyobomolewa, nikaelewa afadhali hiyo ilikuwa na uzito gani. Yule fundi wa Meissen mwenye miwani miwili alinijia akilini, jinsi alivyofuta kiungo cha bega kwa brashi. Kazi ya mfungwa ilikuwa ileile.

Sanamu za Allach ni ghali sana leo, na za bandia ni nyingi. Ujerumani, kifungu 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha na kusambaza hadharani alama za Wanazi, isipokuwa kwa elimu, sanaa na mengine yanayofanana, ndiyo maana wauzaji hufunika alama ya SS ya herufi za kale (rune) chini ya kitako. Nimeshawahi kuletewa mpanda farasi mmoja, mweupe, mzuri kwelikweli, kazi ya mtu anayejua misuli ya farasi. Sikumnunua na sitamnunua. Sisemi makumbusho yasiwe nazo. Zinapaswa kuwekwa, na kando yake yaandikwe majina ya waliochoma tanuri pale yanapofahamika. Rafuni kwangu, karibu na Lannes, haziingii.

Kwenye basi la kurudi stesheni kijana wa Kipolandi aliniuliza kama nina ndugu aliyefungwa pale. Nikamwambia hapana, nilifuata kauri. Alinyamaza kidogo, akaniambia babu wa mama yake alikuwamo, na kwamba hawajui alipangiwa kazi gani. Nilimwandikia jina la hifadhi ya kumbukumbu ya Arolsen, ambayo inapokea maombi ya familia bila malipo, na tukashuka pamoja.

Treni ya saa saba mchana kwenda Nuremberg, kisha Saalfeld, kisha nyumbani. Ukifuata njia hii, anza Jumanne kama mimi, na Meissen mpigie mtu simu siku moja kabla kuhusu ufunguo wa kanisa la Nikolai.